Jeneza la Pesa za Pamba

Mpaka leo nikinusa vanishi mbichi, naondoka mahali hapo.

Ulikuwa msimu wa pili tangu kampuni binafsi ziruhusiwe kununua pamba. Wakulima walikuwa wamechoka kukopwa, wanataka noti mkononi, na vijijini hakukuwa na benki. Pesa ilibidi zisafiri kwa gari kutoka Mwanza, na majambazi walilijua hilo kama sisi. Bosi wangu Constantine, mtu asiye na haya hata chembe, akanunua jeneza jipya, vanishi yake haijakauka. Noti ndani, msalaba juu, mimi pembeni nimeinamisha kichwa kama mfiwa.

Nilikubali upesi, najichukia kulisema. Mama yangu, Martha, alikuwa kijijini Sola, macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho, na mshahara wa safari ile ungetosha kumpasulia jicho moja.

Njia nzima watu walituheshimu. Wazee walishuka kwenye baiskeli, wakavua kofia, wakainamia mabunda ya noti. Constantine alicheka mpaka akakohoa.

Lamadi tulisimama kujaza mafuta. Mama mmoja muuza dagaa akatua beseni lake, akanisogelea, akanisalimia Kisukuma.

"Mwadila, baba. Pole. Ni nani huyu?"

Constantine alikuwa ameniagiza niseme ni shangazi yake. Lakini yule mama alinitazama kwa huruma hadi nikababaika, nikasema ni mama yangu. Akauliza mama yupi, wa wapi. Nikamtaja Martha wa Sola, mpumbavu mimi. Kumbe naye, Jenipha, kazaliwa hukohuko, wamekua pamoja. Alilikumbatia lile jeneza akalia kwa sauti. Kisha akafungua fundo la kanga akanipa shilingi mia mbili za rambirambi.

Nikazipokea. Tulipoondoka, Constantine akanisifu kwa kuigiza vizuri, akaninyang'anya ile noti akaichanganya na zake. Alisema hiyo ni kilo nzima ya pamba. Nilitamani kumpokonya, lakini mshahara wangu alikuwa nao yeye.

Tulinunua pamba Lalago siku tatu. Kumbe Jenipha hakungoja, alipanda basi siku ileile tulipoachana Lamadi, kwenda Sola kumzika mwenzake.

Siku ya nne nikafika nyumbani na pesa mfukoni. Uwanja ulijaa watu. Habari ya msiba ilikuwa imeenea vijiji vya jirani, na wengine walikuwa bado wanafika na unga na kuku, wanaelezwa mlangoni kwamba hakuna maiti. Mama alikuwa kwenye kigoda, mzima, Jenipha kando yake. Hakuna aliyeitikia salamu yangu.

Nilipiga magoti nikamwekea pesa mapajani, nikamwambia ni za jicho.

Hakuzigusa. Aligeuza uso kufuata sauti yangu, akaniuliza taratibu, "Masunga, wamekulipa ngapi kunizika?"