Midomo ya Wafumaji

Kwaru, kwaru, kwaru. Binti alisikia brashi ya viatu kabla hajafumbua macho. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa miezi mitatu, lakini baba yake bado alipiga viatu rangi kila asubuhi, kama mtu anayewahi zamu.

Miaka ishirini ya kelele za mashine za kufumia ilikuwa imemla masikio. Mtaani walimwita Spika, maana akimsalimu mmoja wanaitikia kumi. Nyumbani yeye na bintiye walizungumza kwa midomo tu, bila sauti, kama wafumaji walivyozoea kiwandani. Baba hakupitwa na neno.

Siku hiyo alikuwa na safari ya kweli: kupeleka shuleni barua yake ya kuachishwa kazi. Serikali ilikuwa imetoa utaratibu mpya. Mtoto ambaye mzazi wake amepoteza kazi asifukuzwe. Asome bure mpaka mzazi apate nyingine. Utaratibu mzuri. Lakini aliyeamua watoto hao wahesabiwe kwa kunyoosha mikono mbele ya wenzao, huyo hajawahi kuwa na miaka kumi na tano.

Darasani mwalimu aliuliza ni nani mzazi wake ameachishwa kazi, akaonya kwamba orodha inafungwa saa sita mchana. Binti akaikalia mikono yake. Nyuma, mtu akanong'ona, "Spika si yuko nyumbani siku hizi, anachambua mchele?" Wakacheka.

Ndipo akamwona baba dirishani, viatu vinang'aa, barua ameiinua. Midomo yake ikasema: nyoosha mkono, mama.

Midomo ya binti ikajibu: nenda zako, unaniaibisha.

Baba hakupitwa na neno. Aliikunja barua mara mbili, akaondoka.

Baada ya masomo binti alimfuata mwalimu, analia. Orodha ilikwisha kwenda. Kilichobaki ni rufaa ofisi ya elimu, na lazima mzazi na mwanafunzi waende pamoja.

Nyumbani alimkuta baba kitandani, amegeukia ukuta, viatu bado viko miguuni. Akamgusa bega. Hakugeuka. Midomo isiyotazamwa haina kazi, basi binti akapaza sauti mpaka majirani wakanyamaza:

"Nisamehe, baba. Kesho twende wote ofisi ya elimu. Wakiuliza baba yangu ni yupi, nitanyoosha mikono yote miwili."