Upawa Uliovujiwa

Shaba ilikuwa imeiva. Taka zilipanda juu zikatanda kama utando wa maziwa, na kazi ya mzee ilikuwa kuziengua kwa upawa wa chuma wenye mpini mrefu. Mzee huyo alikuwa fundi mkuu na, kwa bahati mbaya ya Mpole aliyechochea moto, alikuwa pia baba mkwe wake.

Mpole aliogopa vitu viwili: maji kwenye shaba iliyoyeyuka, na kumsahihisha baba mkwe mbele za watu. Mkewe alikuwa amemwonya, "Macho ya baba yamechoka. Ukisema, watamwachisha kazi. Funika kombe mwanaharamu apite."

Lakini maji hayana huruma. Yakizama ndani ya shaba hugeuka mvuke ghafla, na shaba yote tanurini huwarukia watu usoni. Ndiyo maana mzee aliweka desturi: kabla ya kuchovya, fundi achungulie ndani ya upawa na atamke, "Mkavu." Wavivu wa kuchungulia aliwaita marehemu watarajiwa.

Asubuhi hiyo mvua ilinyesha, bati likavuja juu ya msumari ulipotundikwa upawa. Mzee aliutungua, akainama, akachungulia.

"Mkavu," akasema.

Mpole aliyaona maji yakichezacheza mle ndani. Heshima yote aliyolelewa nayo ilimzuia kusema, na upawa ulikuwa unashuka.

"Baba, maji!"

"Maji gani? Leo wewe ndiye wa kunifundisha mimi?"

Mpole akaruka, akaudaka mpini, akausukuma kando. Maji yakamwagikia matofali ya moto, yakafoka mvuke. Mafundi wote wakageuka.

"Unaninyang'anya upawa mbele za watu? Mimi niliyekuoza binti yangu?"

"Nisamehe, baba."

Mzee alifungua kinywa aendelee kugomba, kisha akasikiliza mvuke ukiisha.

"Yalikuwa mengi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kidogo tu," Mpole akadanganya. Yangejaza kikombe.

Mkono wa mzee ukapapasa hewani mpaka ukalipata bega la mkwewe. Ulikuwa wa baridi, pamoja na moto wote ule.

"Nitoe nje, mwanangu, polepole," alinong'ona. "Tangu juzi sioni kitu. Nafuata joto tu."