Kidole Gumba cha Vuai

Kila Ijumaa, baada ya sala na kabla ya biriani, Vuai alitoa simu mfukoni kama mganga anavyotoa hirizi.

Wanaume walikaa duara juu ya zulia, kwenye nyumba yao ya kupanga Al Wukair, nchi ya Kiarabu walikotafuta riziki, madereva na walinzi, wengine wa bara na wengine wa visiwani. Mto mkubwa wa kuegemea, ule wa heshima, ulikuwa wa Vuai. Kazini hakuwa na cheo chochote, alilinda geti la jengo moja kule Lusail kama wenzake. Mto ule aliupata kwa sababu ya simu. Ndani ya simu mlikuwa na akaunti ya akiba ya uzeeni ya marehemu ami yake, Nassoro, aliyefanya kazi Amerika mpaka mvi zikamjaa, akafa bila mke wala mtoto, na kumwandika Vuai kuwa mrithi. Kila Ijumaa wenzake walisogeza shingo, wakaisoma tarakimu, wakasema mashaallah. Simu yenyewe hakumpa mtu. Aliizungusha kwa mkono wake, kidole gumba kimebana sehemu ya chini ya kioo, palepale kila wiki.

"Haijaguswa hata senti," alisema. "Mali ya marehemu haina haraka. Mpaka wazee wakae waigawe."

"Mali bila matumizi," Harun dereva alimtania, "ni chungu bila mchuzi."

Watu walicheka. Vuai alicheka pia, kwa kuwa chungu kilikuwa chake.

Saida, dada yake, aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia la jikoni. Alilea watoto wa watu kule The Pearl, na Ijumaa, siku yake pekee ya kupumzika, aliipumzisha kwa kuwapikia wanaume. Ami Nassoro alisema mbele ya mashahidi kwamba Vuai agawane na dada yake, na Vuai mwenyewe hakulikana hilo hata mara moja. Alikuwa akilisema kwa sauti nzuri kabisa. Ila wazee hawajakaa. Na wiki ile mwajiri wa Saida alitaka jibu: mkataba mpya, miaka miwili mingine, au tiketi ya kurudi nyumbani. Unguja alikuwa na mtoto wa kike aliyemwita "mama" bibi yake na kumwita yeye "Saida wa kwenye simu". Fungu lake likitoka, hatii saini.

Siku hiyo biriani liliwahi, Saida akaja nalo. Vuai alitumbukiza mkono kwenye sinia, na simu ikalia.

"Nishikie, Saida, mkono una mafuta."

Alimshikia. Aliyepiga alikata mwenyewe, na kioo kikarudi kwenye akaunti. Kwa mara ya kwanza Saida aliiona bila kidole. Chini yake palikuwa na utepe mwekundu, na Kiingereza cha kulelea watoto wa matajiri kilimtosha kuusoma: kiasi unachotakiwa kutoa kwa mwaka uliopita hakijatolewa. Unaweza kutozwa adhabu.

"Kaka, hii nyekundu ni nini?"

"Matangazo," alisema Vuai, na wali ukamwenda njia isiyo yake.

Jioni walimpigia Athanas, Mtanzania anayewajazia watu hesabu za kodi kule Amerika. Vuai alimweleza mambo ya mila kwa dakika nyingi. Athanas alimwacha mpaka pumzi ikamwisha.

"Ndugu yangu, umemaliza? Sasa sikiliza. Ami yako alikuwa ameshaanza kutoa fungu lake la kila mwaka. Umeirithi akaunti, umerithi na zamu. Kila mwaka unatoa kidogo, na mwisho wa miaka kumi iwe tupu. Miaka ya mwanzo serikali ilisamehe, maana sheria iliwachanganya hata walioitunga. Mwaka jana haikusamehe. Ulichotakiwa kutoa usipokitoa, wanachukua robo yake. Ukijirekebisha mapema inashuka kuwa sehemu ya kumi. Na ukiwa na sababu ya maana, unaandika kuomba wafute yote."

"Basi niandikie hiyo ya kufuta."

"Kwanza utoe."

"Nitoe?" Vuai aliishika simu kifuani. "Si itapungua!"

"Ndiyo kazi ya kutoa, bwana. Huwezi kuomba msamaha wa kuiba kuku na manyoya yangali mdomoni."

"Wazee hawajakaa," alisema Vuai, na sauti ilikuwa ndogo.

Saida hakubishana. Alichukua simu yake mwenyewe akampigia baba yao mkubwa, Abdulrahman, kule Unguja, akaweka spika.

"Shikamoo, Ba' Mkubwa. Mtakaa lini kwa ile mirathi ya Ami?"

"Marahaba. Tukae mara ngapi, mwanangu? Tulikaa siku ya hitma. Nilimwambia Vuai palepale kwa simu: toeni, gawaneni, mumsomee dua. Kwani hamjagawana? Mnangoja nini, na nyie mfe?"

Athanas alikuwa bado hewani kwenye simu ya Vuai. Alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayecheka mbali na kipaza sauti.

Vuai alitazama zulia. "Dada, watu wameshaizoea ile namba," alisema. "Ikishuka, watasema nimekula."

"Na mimi nisipokula, watasema nini?" Saida alimsogezea simu. "Mwanangu anajifunza kunisahau, wewe unalinda tarakimu. Geti la Lusail halikutoshi? Toa."

Akatoa, fungu la mwaka jana na la mwaka huu pamoja. Kodi ikakatwa hukohuko, na nusu ya kilichobaki ikaenda kwa Saida. Barua ya kuomba msamaha Vuai aliiandika mwenyewe, kurasa tatu za heshima ya mababu. Athanas alizitupa. Alimtaka aandike ukweli mfupi: nilichelewa, nimesharekebisha, na kwa nini nilichelewa. Hapo kwenye "kwa nini" Vuai alikaa siku mbili.

Ijumaa iliyofuata simu haikutoka.

"Bwana Vuai, leo hatuogi baraka?" Harun alimchokoza.

Ikatoka polepole. Kidole gumba kilishuka mahali pake pa zamani.

"Nyanyua, kaka," Saida alisema mlangoni, sinia mikononi. "Utepe umeshaondoka. Unaficha kioo kitupu."

Akanyanyua. Shingo zikasogea.

"Mbona imepungua?" Harun alishangaa. "Nani kala?"

"Mimi," alisema Saida, akaliweka sinia katikati. "Na hili ndilo biriani la mwisho ninalowapikieni. Wiki ijayo mtoe zenu mfukoni, mwende hotelini."

Harun ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Njiani Saida aliuliza habari za mto.

"Kwanza tulimnyang'anya," Harun alisema. "Sasa kaurudia. Anatuonyesha barua yake, na ujumbe kwamba imepokelewa. Anatuambia anaandikiana na serikali ya Amerika."

"Na kidole?"

"Kipo juu kidogo. Kimefunika pale palipoandikwa sababu."