Lugha ya Kutu

"Eish, mlango wenu umekufa tena!" Duni, muuza magwinya, alipaza sauti, beseni kichwani. "Mandazi yangu yanapoa huku!"

"Bado haujafa, dada Duni. Subiri saa ifike."

Hénock hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti kando ya geti la chuma la jengo moja la ghorofa mtaani Hillbrow, Johannesburg, kompyuta mapajani, waya umechomekwa kwenye kisanduku cheusi ambacho wapangaji hukiwekea kidole ili geti lifunguke. Nyuma ya Duni walikuwa wamejipanga watu kama thelathini. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kisanduku hupokea orodha mpya ya wapangaji, na kila kikiipokea huganda kwa sekunde arobaini. Sekunde arobaini ni chache ukiwa kitandani. Ukiwa umesimama barabarani na simu mfukoni, ni nyingi mno. Jumanne iliyopita mama mmoja alinyang'anywa mkoba huku kidole chake kingali juu ya kioo.

"Leo ndiyo mwisho," Hénock alisema.

"Hata Jumatatu ulisema hivyo, kaka."

Lakini leo ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ilikuwa na ahadi yake. Miezi mitatu alikuwa akifanya kazi ya majaribio kwa Mureithi, Mkenya mwenye kampuni ndogo ya mageti kule Observatory. "Niondolee hizo sekunde kufikia Ijumaa," Mureithi alimwambia, "na barua ya ajira ni yako, ya mwandishi wa programu." Kwa mtu mwenye karatasi za ukimbizi, barua kama hiyo ni mguu wa pili.

Programu ya geti ilikuwa imeandikwa kwa Rust, lugha ambayo jina lake maana yake ni kutu. Bibi Spès, aliyemlea tangu Buyenzi kule Bujumbura hadi chumba chao cha Berea, alipolisikia jina hilo alicheka akashika mbavu. "Wenzio wanasoma lugha za watu, wewe unasoma ya misumari?" Lakini Hénock aliipenda. Ilikuwa lugha yenye wivu: kila kitu sharti kiwe na mwenyewe, mmoja tu. Wala haikubali utoe kitu mahali pake uache pengo. Ukitoa, weka kingine.

Tatizo lilikuwa uhamaji. Programu ya zamani iliwahamisha wapangaji mia saba, mmoja mmoja na vidole vyao, kutoka orodha mpya kwenda mahali pa ile kuukuu, na geti likawasubiri wote wahamie. Hénock alikwama siku tatu. Ndipo Jumatano jioni, bibi akichagua maharage:

"Kitendawili!"

"Tega."

"Wake wenza wawili wamebadilishana nyumba, hata kijiko hakikutoka nje."

Alifikiri, akashindwa.

"Haya, nipe mji."

"Nakupa Pretoria."

Bibi akajinyoosha juu ya ndoo aliyoikalia. "Nimekwenda Pretoria, nimepokewa kwa ngoma, nimekula nyama siku tatu, nikawaona watu wake wanalala mapema kama kuku, nikarudi zangu. Wamebadilishana funguo, mjinga wangu!"

Katika mchezo huo bibi alikuwa na sheria mbili. Bujumbura haitolewi, kwa kuwa mji huo tulishaupoteza. Na mji unamolala hautolewi pia, maana ukishautoa utalala wapi?

Hénock alikuwa amekwishasimama. Funguo! Kwa nini ahamishe watu mia saba? Orodha mpya na ijazwe pembeni, polepole, geti likiendelea na ile ya zamani. Ikijaa, zibadilishane anwani tu katika kumbukumbu ya kisanduku. Kila orodha ibaki ilipo, ila ufunguo uende mkono mwingine. Usiku ule alifuta mistari kumi na mmoja, akaandika mmoja.

Sasa saa kumi na mbili na nusu ikatimia. Orodha ikaingia. Duni akabonyeza kidole chake chenye mafuta.

Klak.

Geti likafunguka kabla hajavuta pumzi. Nyuma yake wengine wakapita, klak, klak, bila hata kujua kwamba hawakusimama. Duni peke yake ndiye aliyegeuka, akamtupia gwinya ndani ya gazeti. "Kula, fundi. Ukikosa mke, mimi nipo."

Kule Observatory, Mureithi alitaka kujua imewezekanaje. Hénock, kwa furaha, akamtegea kile kitendawili. Mureithi akakuna kidevu, akacheka. "Nimeshindwa, bana. Nakupa Nairobi!" Hénock akampa jibu, na maelezo yote.

Saa nne wakaja wenye majumba. Aliyesimama mbele ya skrini alikuwa Wayne, mpwa wa Mureithi, na juu ya programu, penye jina la mwandishi, paliandikwa Wayne.

Walipoondoka, Hénock alibaki mlangoni. "Mzee, pale juu pana jina la Wayne."

"Ingia, funga mlango." Mureithi hakumtazama. "Sikiza. Hawa watu wameuliza programu iko mikononi mwa nani. Karatasi zako zinaisha Machi. Niwaambie nini? Wayne ana digrii, ana pasipoti."

"Uliahidi barua."

"Na barua ni hii." Akasukuma bahasha. Fundi wa vifaa: kufunga visanduku, kufuta vioo, kubadilisha waya. Hadi jana hiyo ilikuwa kazi ya Wayne. "Mmebadilishana tu, Hénock. Kazi yako haijaguswa, hata mstari mmoja. Ni jina tu."

Hata kijiko hakikutoka nje.

Hénock aliangalia kalamu juu ya meza. Alihesabu miezi hadi Machi. Akatia sahihi.

Nje, Wayne alimkabidhi mkoba wa vifaa, macho chini. "Pole, bro. Si mimi niliomba. Hiyo bisibisi ndogo huteleza, ishike hivi." Kisha akasita. "Na ule mstari wako... ukigoma, naweza kukupigia?"

"Nipigie," Hénock alisema.

Alasiri alipanda ngazi za Berea, mkoba begani. Bibi Spès alikuwa akichemsha mayai kwenye jiko la umeme.

"Barua?"

"Imetoka."

Bibi akapiga kigelegele, kimoja, na cha pili kikakatika kati. Alikuwa ameuona mkoba. Aliona bisibisi zikichungulia, na kile kitambaa cha kufutia vioo. Aliopoa yai moja, akalitupa toka kiganja hadi kiganja kwa ajili ya moto wake, kisha akatega kile ambacho kila mtoto wa Buyenzi hukijua kabla hajaota meno.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Hénock alilitazama yai mkononi mwa bibi.

"Sijui, bibi."

"Hujui?" Sauti yake ikashuka. "Basi... nipe mji."

"Nakupa Johannesburg."

Ilikuwa zamu ya bibi kwenda, kupokewa kwa ngoma, kula nyama, kurudi na jibu. Alifumbua mdomo. Chini barabarani teksi zilipiga honi, mtu akaita abiria wa Bree. Bibi akaufumba mdomo, akaliweka yai sahanini bila kulimenya. Likabingirika hadi ukingoni, likayumba kidogo, likatulia.