Utando wa Nanasi

Simone, mwalimu wa kemia huko Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti nchini Kongo, alijua kuwa vijidudu vya nanasi lililooza hufuma utando mweupe unaofaa kufunika kidonda. Na kidonda kilikuwapo nyumbani: mgongo wa mumewe, Samy, uliounguzwa na asidi kiwandani. Huu ni mwezi wa nne kidonda hakikauki, na madaktari wameshanyoosha mikono.

Akakamua mananasi mabovu ya sokoni, akatia sukari, akajaza mabeseni sita. Matano akayafunika kwa magunia ya kubebea madini, ambayo Kolwezi nzima huyatumia kwa kila kitu. Magunia yakaisha, la sita akalifunika kwa kitenge chake.

Siku ya kumi na mbili akafunua. Mabeseni matano, maji matupu yanayonuka. Chini ya kitenge, utando mnene, laini kama shavu la mtoto.

“Mama, ngozi yangu ishaota?” Samy aliita kutoka chumbani.

Simone alikung'uta gunia moja. Vumbi la kobalti likamjaa viganjani. Kumbe ni vumbi hili la laana lililoua vijidudu vyote!

Halafu akageukia mlango wa chumbani. Godoro la Samy, ili lisilowe usaha, tangu siku ya kwanza alikuwa amelitandika kwa mikono yake mwenyewe magunia ya aina ile ile.