Kuvuliwa Nyeusi

Walipofika Naini, Mahrokh alikuwa ameshachoka kuuliza kama bado ni mbali. Kazi yake ilikuwa kuhamisha kifurushi tu, mara mapajani, mara juu ya dashibodi, mara mapajani tena. Ndani mlikuwa na kitambaa cha samawati chenye vimaua vyeupe, cha kwenda kumvua mama mkwe wake nguo nyeusi. Eda ya Mama Tuba ilikwisha kitambo, lakini nyeusi ya msiba huivui mwenyewe. Hungoja mtu wako akuletee nguo ya rangi, akwambie basi, imetosha. Na wa kumvua Mama Tuba alikuwa mwanawe wa kwanza, Homayun, huyu huyu aliyeshika usukani na sasa anatafuta pa kuegesha mbele ya msikiti wa kale.

Mwaka mpya wa Kiajemi ungeingia jioni hiyo, jua likiwa bado juu. Yazdi ilikuwa mbali, na Mama Tuba yuko kule ameketi na nyeusi yake, anangoja.

"Dakika kumi tu," alisema Homayun. "Mtoto aione mimbari. Ina miaka mia saba ile."

"Imekaa miaka mia saba, itashindwa kutungoja mpaka tukirudi?"

"Roho yangu, historia haingojeshwi."

"Ee, wa kungojeshwa ni mama yako."

Asubuhi alikuwa ameshawapotezea muda Kashani, kwenye Bustani ya Fini, akichungulia kila mfereji kana kwamba ametumwa na idara ya maji. Mtu huyu ameishi Tehrani miaka na miaka bila kukanyaga jumba la makumbusho hata moja! Leo ndiyo mapenzi ya mambo ya kale yamempanda ghafla kama homa. Alishuka garini, akalinyoosha shati lake jeusi. Tangu msiba alikuwa havai rangi nyingine, na ukimuuliza atakwambia nyeusi haionyeshi uchafu.

Simu ililia wakiwa mbele ya mimbari. Ni Mama Tuba.

"Mmefika wapi, mwanangu?"

"Tumepata pancha, mama. Tunabadilisha tairi."

"Bibi, baba muongo!" alidakia Golnush, binti yao wa miaka tisa, mdomo umejaa mbegu za alizeti. "Tunaangalia mimbari!"

"Haya," alisema Mama Tuba. "Iangalieni vizuri." Akakata.

Baada ya hapo Homayun aliendesha mbio, na Mahrokh akaanza kuamini kwamba aibu imemtia akili. Lakini walipokaribia Meybodi, kibao kikatokea kando ya barabara: mnara wa kale wa kufugia njiwa. Gari likakata kona.

Mlinzi wa mnara alikuwa na funguo mkononi na redio ndogo kwapani.

"Bwana, nafunga. Mwaka unaingia sasa hivi. Kwani wewe huna kwenu?"

"Nipe tiketi tatu," alisema Homayun bila kumtazama.

Ndani, kuta zilijaa vishimo vya njiwa toka chini hadi juu, na njiwa wenyewe walikuwa wa kukaushwa, wamefungwa kwa waya. Mahrokh hakuangalia hata kimoja. Alimshika mumewe mkono.

"Baba Golnush, unaogopa nini?"

Homayun aliinua macho juu kwenye vishimo.

"Siku ya maziko ya baba nilikuta kaburi limeshafukiwa. Ami akaniuliza mbele ya watu wote, 'Umewahi chai ya matanga, siyo?' Mama alikuwa pale. Alisikia, hakusema neno. Leo nimwendee na kitambaa, nimwambie basi mama, imetosha? Mimi nani?"

Nje, kwenye redio ya mlinzi, ulilia mzinga wa mwaka mpya, mtangazaji akapaza sauti, mwaka ukaingia. Golnush akawabusu wote wawili. Mlinzi akawapa peremende na kuwaonyesha mlango.

Wakashika njia mpaka Yazdi.

Mama Tuba alifungua mlango mwenyewe, amevaa nyeusi toka kichwani hadi miguuni. Nyuma yake meza ya mwaka mpya ilikuwa imepangwa kila kitu, ngano iliyochipua, siki, samaki kwenye bakuli, ila mishumaa haikuwashwa.

"Mama, mwaka mpya... tumechelewa..." Homayun alinyoosha kifurushi.

Mama Tuba hakukipokea.

"Redio inasema mwaka umeingia," alisema. "Kwangu bado. Simama hapo hapo."

Alikwenda sandukuni, akarudi na shati jipya la kijani, bado lina pini za dukani. Akaanza kumfungua mwanawe vifungo pale pale mlangoni.

"Mama, mimi ndiye niliyekuja kukuvua!"

"Nyamaza. Mkubwa hapa nani? Wewe ulikosa hata kumtupia baba yako udongo. Nikuache uzunguke na msiba peke yako, nami nivae maua?"

Homayun alisimama mikono imelegea kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mama yake alichomoa pini moja moja, akamvika, akamfunga vifungo hadi shingoni. Ndipo akachukua kifurushi.

Pini moja aliisahau kwenye kola. Homayun aliigusa, machozi yakamtoka, na hayakukoma.

"Baba, pini inauma?" aliuliza Golnush.

"Si pini, mwanangu," alisema Homayun, na safari hii mtoto hakuwa na la kumsahihisha.