Elfu Kumi na Mia Nne

Simu iliwekwa katikati ya meza, mbele ya jaji, kama sahani ya chakula kisichotakiwa na mtu, na sauti iliyotoka humo ilisema kwamba Marekani ina watu elfu kumi na mia nne ambao kazi yao ni kukaa kitini na kukagua vijiti vya mbao.

"Vile vijiti vya duara vya kuungia viti na meza," sauti ilieleza. Ilikuwa ya Bwana Stickney, mtaalamu wa ajira, aliyekuwa akitoa ushahidi akiwa nyumbani kwake. "Mkaguzi anaondoa vyenye ufa na vilivyopinda. Hahitaji elimu, hahitaji kusimama. Mwombaji anaiweza."

Mwombaji nilikuwa mimi, Leland Pelkey, miaka arobaini na tisa, shule niliiacha darasa la tisa. Tawi la msonobari lilinivunja nyonga na kuniharibu mgongo nikiwa kazini, na mafao ya ulemavu niliyoomba yalining'inia kwenye swali moja: je, nchini zipo kazi za kutosha ambazo mtu wa hali yangu bado anaziweza? Zikiwa nyingi, nakosa. Haijalishi ziko mbali kiasi gani, wala kama kuna atakayeniajiri. Na elfu kumi na mia nne ni nyingi.

Nilipaswa kukasirika. Wakili wangu, Bi Averill, alikuwa ameshakasirika kwa niaba yangu. Mimi nilishikwa na kitu kingine. Miaka thelathini nimeishi kwa mbao hapa jimboni Maine, na katika viwanda vyote nilivyoingia nimeona wakaguzi wa vijiti wawili. Hao wengine wamejificha wapi?

"Mheshimiwa," nilimwambia jaji, "naweza kumuuliza huyu bwana swali?"

Bi Averill alinikanyaga mguu. Jaji alinitazama juu ya miwani yake. "Uliza. Kwa adabu."

"Bwana Stickney, hao watu umewahesabuje?"

"Sikuwahesabu mimi. Serikali ina takwimu. Kundi la wakaguzi na wachambuaji lina watu laki tano. Kwenye kitabu cha serikali cha aina za kazi, kundi hilo lina majina ya kazi arobaini na nane. Nikagawanya."

"Sawa kwa sawa?"

"Ndiyo njia inayotumika."

"Mimi kazi yangu ilikuwa kuhesabu miti," nikasema. "Mwenye msitu ananiita kabla hajauza. Siwezi kugusa kila mti, kwa hiyo nachagua vituo, nasimama, nahesabu ninayoiona, halafu nazidisha. Kwa hiyo kukisia nakujua, sikulaumu. Lakini msitu ukiwa na miti laki moja na aina kumi, siandiki elfu kumi kila aina. Pengine mwaloni upo mmoja tu, kando ya mto, na wenyewe haujui ulifikaje. Nikimwandikia mwenye msitu mialoni elfu kumi, ananifungulia mbwa."

Jaji alikohoa, na kikohozi kile kilichukua muda kuliko kawaida.

"Mimi nahesabu watu, Bwana Pelkey, si miti," simu ikasema.

"Ndiyo maana nashangaa. Watu ni rahisi zaidi. Ukiwaita wanaitika."

Jaji akatupa siku kumi na nne tulete kwa maandishi chochote tulicho nacho.

Bi Averill alianza kutafuta mtaalamu mwingine. Mimi nikapanda gari. Kiwanda cha vijiti kilicho karibu zaidi kiko mwendo wa saa mbili upande wa magharibi. Kwangu ni saa nne, maana kila baada ya nusu saa nasimamisha gari na kujilaza kiti cha nyuma mpaka nyonga inyamaze.

Mkaguzi alikuwapo. Verna Hibbard, miaka sitini na miwili, mkate wa siagi ya karanga mkono mmoja, na mbele yake mkanda ukileta vijiti.

"Wewe ndiye wa serikali?" aliuliza.

"Hapana, dada. Mimi ndiye ambaye serikali inaambiwa naiweza kazi yako."

"Kumbe. Kaa basi, tukuone."

Nikakaa. Aliniambia nisitazame kimoja kimoja, nivitazame vyote kama maji yanayopita, kibovu kitajitokeza chenyewe. Alisema kweli, msituni ni vilevile. Nilidumu dakika arobaini na Verna hakupata cha kunikosoa. Kisha nikateremka sakafuni, nikalala kwenye vumbi la mbao, naye akarudi kitini na kuendelea na kazi juu yangu kana kwamba wageni wote hufanya hivyo.

"Mko wangapi hapa?" niliuliza toka chini.

"Mimi."

"Na zamani?"

"Sita. Ikaja kamera. Sasa kile kinachoishinda kamera ndicho naletewa mimi."

"Kuna bwana amesema mko elfu kumi na mia nne nchi nzima."

Mkono wake ulisimama. Vijiti vikapita bila kutazamwa.

"Elfu kumi," alisema polepole. "Miaka thelathini na mmoja sijakutana na hata mmoja nje ya mlango ule. Wako wapi?" Hakuwa akitania. "Ukimpata mmoja, muulize macho yake yanakuwaje ikifika saa tisa alasiri. Yangu yanaona mistari hata ukutani."

Nilijaza karatasi ileile niliyozoea kujaza msituni: mahali, tarehe, nilisimama wapi, niliona wangapi. Nikaandika mmoja. Nikaandika na dakika arobaini.

"Hizo dakika zifute," Bi Averill aliniambia kwa simu alipoisoma. "Watasema unaweza."

"Lakini nilidumu arobaini."

"Leland, hapa hatushindanii ukweli."

"Basi ongeza kwamba dakika ya arobaini na moja nilikuwa sakafuni."

Alishusha pumzi. "Hiyo nitaiongeza kwa furaha."

Karatasi imekwenda, jibu bado. Bi Averill anasema kazi yangu sasa ni kukaa nyumbani nisiharibu kitu. Lakini Alhamisi nilivuka kuingia jimbo jirani la New Hampshire, ambako nilisikia kuna kiwanda kingine. Mkaguzi akiwapo na huko, nitalazimika kumwandika, na kumwandika kutaiumiza kesi yangu. Nilijua hivyo kila nilipojilaza kiti cha nyuma. Bado nilipoegesha na kusikia mashine zikinguruma ndani, nilijikuta natamani awepo.

Mlinzi alinitazama nikichechemea kuelekea mlangoni. Nilimuuliza kama wana mtu anayekagua vijiti.

"Unamtakia nini?"

"Kuna mama huko Maine anamsalimu," nikasema.